Kuhamisha Wateja kutoka CRM ya Mafundi kwenda Mailchimp: Njia Tatu Tulizozijaribu

Kwa miezi mitatu nimekuwa na jukumu la kuhamisha kumbukumbu za wateja wa kampuni yetu ndogo ya kuhudumia viyoyozi, kutoka katika mfumo wa kusimamia wateja na kazi za mafundi, ambao wengi tunauita CRM, kwenda Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe kwa watu wengi kwa pamoja. Lengo lilikuwa la wazi: mteja ambaye kiyoyozi chake kilisafishwa mwaka uliopita akumbushwe kwa barua pepe kabla joto halijaanza, badala ya kusubiri mashine igome ndipo apige simu. Tulijaribu njia tatu, nazo ni daraja la moja kwa moja, yaani kiunganishi cha kupeleka taarifa kilichomo ndani ya CRM yenyewe, huduma ya Zapier, ambayo huunganisha programu moja na nyingine, na faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lililoandaliwa kwa mkono. CRM yetu sitaitaja jina, kwa sababu ninachotaka msomaji akiangalie ni aina ya kasoro niliyoikuta, ambayo anaweza kuikuta katika mfumo wowote wa namna hiyo.

Nitangulize hukumu yangu. Kwa uhamisho wa kwanza, faili lililoandaliwa kwa mkono limezishinda njia nyingine kwa mbali, ingawa lilinichukua siku nne nzima. Zapier inafaa kwa wateja wapya wanaoingia baada ya hapo. Daraja la moja kwa moja ni la haraka na ni rahisi mno kuliwasha, na wepesi huo ndio uliotuletea matatizo, kwa kuwa lilibeba majina na anwani likaacha nyuma mambo mawili ambayo bila hayo hatukuwa na haki ya kumwandikia mtu yeyote: tarehe ya kazi ya mwisho, na neno la mteja aliyesema hataki.

Ili kuelewa kwa nini mambo hayo hupotea njiani, ni lazima kuangalia jinsi mifumo hii miwili inavyomtazama mtu. CRM ya mafundi humtambua mteja kwa namba ya akaunti, na chini ya namba hiyo huweka nyumba zake, mashine zake, ankara zake, tarehe ambazo fundi alifika, na maelezo ambayo fundi aliyaandika akiwa bado mlangoni pa mteja. Mailchimp humtambua mtu kwa kitu kimoja tu, yaani anwani ya barua pepe; hata kitambulisho ambacho API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huwasiliana nayo, humpa kila mtu hutokana na anwani hiyo iliyoandikwa kwa herufi ndogo na kupitishwa katika MD5, kanuni inayogeuza maandishi kuwa msimbo. Kwa hiyo msimamizi wa majengo mwenye nyumba 14, ambaye kwetu ni akaunti 14 zenye anwani moja ya barua pepe, akifika upande wa pili huwa mtu mmoja mwenye nafasi moja ya kuandikia tarehe ya huduma ya mwisho. Ibaki tarehe ipi? Mume na mke wanaotumia anwani moja nao huwa mtu mmoja, na hapo swali ni jina la nani libaki. Daraja halikuniuliza maswali hayo. Lilichukua mstari uliofika mwisho na kuufuta uliotangulia.

Tulikuwa na kumbukumbu 3,140. Kati ya hizo, 612 hazikuwa na barua pepe kabisa, na 243 zilikuwa anwani zilizojirudia, hivyo zilibaki anwani 2,285 za kipekee. Daraja lilizipeleka zote kwa muda usiofika dakika ishirini, na kwa upande huo nalisifu bila kusita: hapakuwa na mstari uliokwama, herufi zilizoharibika, wala namba ya simu iliyopungua tarakimu. Lakini liliziingiza zote 2,285 zikiwa na hali moja, ile ya mtu aliyejisajili kupokea barua. Ndani ya CRM yetu kuna kisanduku kinachowekewa alama mteja anaposema asitumiwe matangazo, na kisanduku hicho daraja halikukisoma. Nilipohesabu baadaye, nikijumlisha na wale ambao kukataa kwao kuliandikwa na fundi katika maelezo ya kazi, nilipata watu 171 ambao tulikuwa tumewaandikisha kinyume cha matakwa yao.

Nililijua hilo kwa njia iliyoniumiza. Kabla ya kutuma kwa wote tulichagua kikundi cha majaribio cha watu 60, tukawatumia ukumbusho mfupi unaoanza kwa jina la mteja. Saa moja haikupita, likaja jibu la mistari miwili: "Huyu mliyemwandikia ni mume wangu, na alifariki miezi minane iliyopita. Fundi wenu aliyekuja mara ya mwisho nilimweleza." Nilifungua CRM. Akaunti ilikuwa bado kwa jina la marehemu, anwani ya barua pepe ilikuwa ya mkewe, na katika maelezo ya kazi ya mwisho fundi wetu alikuwa ameandika kwa uangalifu kabisa: "Mzee amefariki. Wasiliana na mama. Usipige simu asubuhi." Taarifa ilikuwepo, na iliandikwa na mtu aliyejali. Haikusafiri, kwa sababu daraja lilibeba safu nne tu: jina la kwanza, jina la mwisho, barua pepe na simu. Nilimpigia mama huyo mchana, nikampa pole na kumwomba radhi, naye akanijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Siku hiyo hiyo nililizima daraja.

Mtu anaweza kudhani kwamba hili ni suala la adabu tu. Ni suala la sheria pia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, iliyoanza kutekelezwa tarehe 25 Mei 2018, inamtaka anayetegemea ridhaa aweze kuonyesha kwamba ridhaa hiyo ilitolewa, na inataka kuiondoa kuwe rahisi kama kuitoa. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 haidai ridhaa ya awali, lakini inamtaka mtumaji atekeleze ombi la mtu kujiondoa ndani ya siku 10 za kazi. Sheria ya Kanada dhidi ya barua taka, iliyoanza kutumika Julai 2014, ndiyo inayonigusa zaidi mimi niliye katika biashara ya huduma, kwa sababu inapima ridhaa kwa kalenda: mtu aliyenunua huduma huhesabiwa kuwa ameridhia kwa njia ya kudokeza kwa muda wa miaka miwili tangu manunuzi, na aliyeuliza tu, kwa mfano aliyeomba makadirio ya bei bila kuagiza kazi, huhesabiwa hivyo kwa miezi sita.

Tazama sasa tarehe hizo zinapatikana wapi. Siku ya kazi ya mwisho na siku ya kuomba makadirio zimo katika CRM. Katika jukwaa la barua pepe hazimo, isipokuwa mtu amezipeleka kwa makusudi. Kilichomo ni tarehe ambayo anwani iliingizwa, na tarehe hiyo itaonyesha kwamba wateja wote, wa miaka sita iliyopita na wa wiki iliyopita, wamejiunga siku moja. Anayehamisha majina bila tarehe amejinyima kipimo chenyewe cha kujua nani bado anaruhusiwa kuandikiwa. Hata mahali ambapo sheria ni nyepesi, mteja aliyefanyiwa kazi mara moja miaka mitano iliyopita ameshatusahau, na akiona barua yetu atabonyeza kitufe cha barua taka bila kufikiri mara mbili.

Ndiyo maana nilirudi kwenye faili. Nilitoa orodha tatu kutoka CRM: ya wateja, ya kazi zilizokamilika, na ya makadirio ambayo hayakuzaa kazi. Niliziunganisha kwa namba ya akaunti, kisha nikazikunja kwa anwani ya barua pepe, na kila anwani nikaiachia tarehe ya karibuni zaidi. Kwa wasimamizi wa majengo nilifanya uamuzi tofauti: hawa niliwatoa kabisa katika ukumbusho wa kawaida na kuwapa lebo yao, kwa sababu mtu mwenye nyumba 14 anahitaji ratiba na wala si barua ya kumkumbusha kwamba "kiyoyozi chako" kinahitaji kusafishwa. Kisha nilisoma maelezo ya mafundi. Niliyasoma yote ya miaka miwili ya nyuma kwa kutafuta maneno kama "asipigiwe", "hataki", "amehama", "amefariki" na "ameuza nyumba". Kazi hiyo peke yake ilikula siku mbili, na kama ningeambiwa nipunguze hatua moja katika shughuli nzima, hii ningeikatalia.

Programu ya majedwali ilinipa taabu ambazo kila atakayepita njia hii atakutana nazo, kwa hiyo nazieleza kwa kina kidogo. Taabu ya kwanza ni namba za simu. Namba yenye tarakimu 12 kama 234567890123 ikifunguliwa kama namba ya kawaida huonyeshwa kuwa 2.34568E+11, na ukihifadhi faili la CSV katika hali hiyo, kinachohifadhiwa ni hicho kinachoonekana. Tarakimu zilizokatwa hazirudi tena. Namba inayoanza kwa sifuri nayo hupoteza sifuri yake. Dawa ni kutolifungua faili kwa kulibofya mara mbili, bali kuliingiza kupitia menyu ya data na kutangaza safu ya simu kuwa maandishi. Ya pili ni usimbaji wa herufi: faili lililohifadhiwa kwa UTF-8 likisomwa kana kwamba ni la usimbaji mwingine litamgeuza José kuwa JosÃ©, na hakuna mteja atakayeamini kwamba unamfahamu ukimwita hivyo.

Taabu ya tatu, ambayo nusura initoroke, ni tarehe. CRM yetu hutoa tarehe kwa mpangilio wa mwezi kwanza, ilhali kompyuta yangu imepangwa kusoma siku kwanza. Tarehe 03/04 ilisomwa kuwa tarehe 3 Aprili badala ya tarehe 4 Machi, bila onyo lolote, kwa sababu namba zote mbili zinaweza kuwa mwezi. Tarehe 04/25 haikuweza kusomwa hivyo, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo ilibaki maandishi tu na kutoka nje ya hesabu. Kilichonifungua macho ni pengo nililoliona nilipopanga orodha kwa tarehe: hapakuwa na mteja hata mmoja aliyehudumiwa baada ya tarehe 12 ya mwezi wowote. Mafundi wetu hawapumziki nusu ya kila mwezi. Tangu hapo kila tarehe naitoa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, yaani 2024-03-04, ambao haukubali kusomwa kwa namna mbili, na ninaubadilisha mara moja tu, mwishoni kabisa.

Baada ya usafi huo nilikuwa na mafungu matatu: watu 171 waliokataa, watu 388 ambao hatukuwafanyia kazi kwa zaidi ya miaka miwili, na watu 1,726 waliobaki. Kwanza nilisafisha yale ambayo daraja lilikuwa limeyamwaga, ndipo nikaanza upya, na mpangilio wa kuanza upya una uzito wake. Fungu la kwanza kuingia Mailchimp lilikuwa la waliokataa, wakiwa na hali ya mtu aliyejiondoa. Ndipo wakafuata wale 1,726. Wale 388 hawakuingia kabisa. Watabaki katika CRM, na wakipiga simu kwa kazi mpya watahesabiwa upya.

Kwa hatua hii ya kupokea faili, Mailchimp inastahili sifa. Huonyesha kila safu pamoja na mifano ya yaliyomo, hukuruhusu kuilinganisha na nafasi iliyopo au kuunda mpya, hukuuliza waziwazi watu hawa wana hali gani, na hukupa nafasi ya kulipachika fungu zima lebo moja. Lebo hiyo usiiache wazi. Mimi niliandika tarehe ya uhamisho na chanzo chake, na siku nilipogundua kosa katika mistari 40 niliipata yote kwa mbofyo mmoja. Jambo jingine zuri ni kwamba mtu aliyejiondoa mwenyewe kwa kubonyeza kiungo hawezi kurudishwa kuwa msajiliwa kwa kupakia faili jipya katika orodha hiyo hiyo. Ulinzi huo una mpaka: kila orodha kuu husimama peke yake, kwa hiyo aliyejiondoa katika orodha moja hajulikani katika nyingine, na aliye katika orodha mbili huhesabiwa mara mbili katika malipo. Anayeanza leo namshauri awe na orodha kuu moja tu, na migawanyo yote aifanye kwa lebo.

Kuhusu malipo, ifahamike kwamba waliojiondoa nao huhesabiwa katika idadi unayolipia, ilhali waliowekwa kando katika hifadhi ya Mailchimp (archive) na wale ambao anwani zao zimethibitika kufa hawahesabiwi. Sisi tunazilipia nafasi za wale 171. Ni gharama ndogo kwa kuwa na uhakika kwamba jina lao limeandikwa mahali ambapo mfumo utaliona.

Kasoro ndogo ndogo zipo. Alama za kujazia taarifa ndani ya barua, mfano *|FNAME|* kwa jina la kwanza, haziwezi kuzidi herufi 10, kwa hiyo majina marefu ya safu zetu ilibidi yafupishwe, na miezi miwili baadaye mtu mwingine ofisini hakuelewa vifupisho vyangu. Andika maana zake mahali fulani. Aidha, weka neno la akiba kwa kila alama, ili mtu asiye na jina la kwanza katika kumbukumbu asipokee salamu yenye nafasi tupu kabla ya mkato.

Zapier naieleza kwa ufupi kwa sababu ilifanya kile ilichoahidi. Kazi inapofungwa katika CRM, Zapier humwongeza mteja au kusahihisha taarifa zake upande wa Mailchimp, na katikati nimeweka kichujio kinachosoma kile kisanduku cha kukataa. Mwenye alama hapiti. Mipango yake hutoza kwa kila tendo lililokamilika, na kichujio hakihesabiwi kuwa tendo, hivyo kuwa mwangalifu hakukuongezei gharama. Mtu asiitarajie kuhamisha wateja wa zamani kwa njia hiyo ya kawaida, kwani huanza kufanya kazi tukio jipya linapotokea, na yaliyotangulia haiyajui.

Kabla ya barua ya kwanza kwenda kwa wote, tulithibitisha kikoa chetu, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, kwa rekodi za DKIM na DMARC, ambazo huonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa, kama Mailchimp inavyoelekeza. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai uthibitisho wa aina hiyo kutoka kwa watumaji, kwa ukali zaidi kwa wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail, na Google wanataka malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3. Niliikokotoa asilimia hiyo kwa orodha yetu. Kama watu wetu 1,726 wote wangekuwa wanatumia Gmail, kikomo kingevukwa na watu sita tu waliokasirika, nasi daraja lilikuwa limetuandikishia watu 171 waliokwisha kusema hapana.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hakuna njia kati ya hizi tatu iliyotufanyia kwa namna tulivyoipanga, nacho ni safari ya kurudi. Mtu akijiondoa katika Mailchimp, CRM haijui, na fundi au mtu wa mapokezi anaweza kumwingiza tena katika orodha nyingine kwa nia njema kabisa. Kwa sasa kila Jumatatu asubuhi natoa orodha ya waliojiondoa wiki iliyopita, nafungua akaunti ya kila mmoja katika CRM, naweka alama katika kile kisanduku, na katika maelezo naandika tarehe. Huwa ni watu watatu au wanne, na huchukua dakika kumi. Akaunti ya yule mama nayo imebadilishwa. Sasa ina jina lake, namba yake, na maelezo ya fundi yaleyale kuhusu kutompigia asubuhi, ambayo safari hii nimeyapeleka Mailchimp pia kama lebo.